Parokia zianze na daftari la simu, kamera zije baadaye

Kwa Mhariri,

Parokia nyingi za Nairobi siku hizi zina kamati ya mawasiliano, na kamati ikipata fedha kidogo tu hukimbilia Luthuli Avenue kutafuta kamera. Baada ya kamera hufuata programu ya simu yenye nembo ya parokia. Waumini huhimizwa kuipakua Jumapili mbili tatu, kisha kimya. Wakati huo huo kuna mama mkongwe kule Kayole asiyejua kwamba Misa ya saa 4 imesogezwa hadi saa 3, kwa sababu nambari yake iliyo ofisini ni ya laini aliyoiacha zamani. Kupitia gazeti lako nawasihi maparoko na mabaraza ya parokia wageuze mpangilio huu. Daftari la simu litangulie, arafa (SMS) ifuate, WhatsApp na malipo vinyooshwe, na matangazo ya video yaje mwisho kabisa.

Daftari ninalolisema ni jedwali la kompyuta ambamo kila muumini ana mstari mmoja. Safu zake ni chache: jina kama lilivyo kwenye kadi ya ubatizo, nambari ya simu, kigango, jumuiya, lugha anayotaka kuandikiwa, tarehe aliyotoa idhini, na tarehe ambayo nambari ilihakikiwa mara ya mwisho. Nambari ya kitambulisho haina kazi hapa. Mwajiri na kabila navyo havina kazi. Hali ya ndoa ina mahali pake katika vitabu vya parokia, si katika orodha ya kutuma matangazo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu imani ya mtu kuwa data nyeti, sawa na hali yake ya ndoa na majina ya watoto wake. Kwa hiyo orodha ya waumini, hata ikiwa na majina na nambari tupu, tayari ni data nyeti, maana kuwemo ndani yake kunataja dini ya mtu. Ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, ofisi ya Kamishna wa Data inapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72. Kila safu ya ziada mnayoongeza kwa udadisi tu ni mzigo mtakaoubeba siku hiyo.

Nambari zikusanywe kwenye jumuiya, si mlangoni pa kanisa. Mlangoni watu wana haraka, watoto wanalia, na mwandiko wa mtu aliyesimama huku ameshika mwavuli hausomeki. Kwenye jumuiya watu 15 au 20 wameketi sebuleni kwa mtu, na katibu anawajua wote. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, ambao makao yao makuu yako papa hapa Nairobi, walizipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele tangu miaka ya 1970, na hadi leo hakuna kampuni ya kompyuta itakayowauzia mtandao ulio bora kuliko huo. Katibu aandike nambari, kisha aibipu hapo hapo. Simu ikilia mkononi mwa mwenyewe, nambari ni sahihi. Hatua hiyo haigharimu chochote, nayo huondoa makosa mengi kuliko programu yoyote. Mwenye laini mbili aulizwe ni ipi anayosomea ujumbe, kwa sababu mara nyingi laini ya pili ni ya data tu na imo kwenye kifaa kingine nyumbani.

Kosa la kwanza hutokea karatasi zinapoingizwa kwenye kompyuta. Jedwali la kawaida huichukulia nambari ya simu kuwa hesabu, basi 0722 hugeuka 722, na nambari iliyoanza na 254 ikikutana na safu nyembamba huonekana kama 2.54E+11. Mtu akiihifadhi hivyo kama faili ya CSV (jedwali la maandishi matupu), tarakimu za mwisho zimekwenda na hazirudi. Kabla ya kuandika nambari hata moja, ipangeni safu nzima iwe ya maandishi, na nambari zote zianze kwa 254 bila alama ya kujumlisha na bila nafasi katikati. Kumbukeni pia kwamba nambari za Kenya hazianzi kwa 07 peke yake. Tangu 2019 ziko za 01, na karani aliyezoea zamani huweza kuzisahihisha akidhani zimekosewa.

Kosa la pili ni la muda. Nairobi ni mji wa wapangaji. Mtu wa Umoja mwaka huu ni mtu wa Ruai mwaka ujao, na laini iliyokaa bila kutumika hatimaye hupewa mtu mwingine. Parokia inayotumia orodha iliyokusanywa Julai 2020, makanisa yalipofunguliwa tena wakati wa korona kwa watu 100 na saa 1 tu ya ibada, inawaandikia wageni kuhusu mazishi ya watu wasiowajua. Uhakiki mara mbili kwa mwaka unatosha: Februari, watu wakiwa wamesharudi kutoka mashambani, na Agosti. Katibu apewe orodha ya jumuiya yake peke yake, si ya parokia nzima, aisome kwa sauti kwenye mkutano na kuweka alama. Orodha nzima ikae kwa watu wawili, katibu wa ofisi na mmoja wa kamati. Anayeomba apewe yote ili atangaze viwanja, bima au mgombea wake wa udiwani, akataliwe bila mjadala.

Arafa sasa. Wapo wanaoicheka kwamba ni teknolojia ya zamani, lakini ndiyo pekee inayoifikia mulika mwizi, ile simu ndogo ya vibonyezo, haihitaji data, na husomeka hata simu ikiwa imebaki na chaji ya asilimia 2. Parokia hununua arafa kwa wingi kutoka kampuni za kati, ambazo huziunganisha na Safaricom, Airtel na Telkom, na huchagua jina la mtumaji lisilozidi herufi 11. Jina hilo linapaswa kusajiliwa kwa kila mtandao. Likisajiliwa Safaricom peke yake, wenye Airtel hupokea ujumbe kwa jina la ajabu au hawapokei kabisa. Muhimu zaidi, usajili uwe wa taarifa, si wa matangazo ya biashara. Wakenya wengi wamezima matangazo ya biashara kwa sababu ya kamari na mikopo, na jina la parokia likiwekwa katika kundi hilo, ujumbe wa Baba Paroko unakwama mahali pamoja na ule wa kamari. Ofisi huona fedha zimekatwa, watu wanasema hawajaona kitu, kila upande unaudhani mwingine muongo.

Urefu wa ujumbe ndio unaomaliza bajeti. Arafa moja hubeba herufi 160, nafasi zikiwemo. Ikizidi hapo, hukatwa vipande vya herufi 153 na kila kipande hulipiwa. Hayo wengi wanayajua. Wasichojua ni kwamba alama moja tu isiyo ya kawaida huubadilisha ujumbe mzima uwe wa mfumo mwingine wa herufi, ambamo arafa hubeba 70 tu, na ikizidi vipande huwa vya 67. Kwa Kiswahili mtego huu uko karibu sana, kwa sababu tuna ng'ombe, ng'ambo na kina Ng'ang'a. Mkiandika tangazo katika programu ya kuandikia barua, kompyuta huipinda ile alama ya juu ili ipendeze, na alama iliyopinda haimo katika orodha ya herufi za kawaida za arafa. Ile iliyonyooka imo. Chukueni tangazo la herufi 150 kwa waumini 2,000, na bei iwe senti 80. Alama ikiwa imenyooka, mtalipa shilingi 1,600. Ikiwa imepinda, ujumbe unakuwa vipande vitatu na mnalipa 4,800, kwa maneno yale yale. Kikaragosi cha mikono iliyofumbatwa hufanya vivyo hivyo, na kile kistari kirefu pia. Andikeni kwenye programu sahili ya maandishi matupu au moja kwa moja katika ukurasa wa kutuma arafa, na msibonyeze kitufe kabla ya kutazama hesabu ya vipande.

Mfano wa ujumbe unaotosha ni huu: "PAROKIA: Jumapili 14/6 Misa ya kwanza ni saa 12:30 asubuhi, si saa 1. Mafundisho ya Kipaimara saa 8 mchana ukumbini. Maswali: piga ofisi ya parokia." Hapo kuna herufi zipatazo 150. Siku imetajwa pamoja na tarehe, kilichobadilika kimewekwa mbele, na saa imefuatwa na neno asubuhi au mchana. Hilo la saa si dogo. Wakati ule ule vijana wengi wa Nairobi huuita 7:30 kama ilivyo kwenye simu zao, wazee huuita saa moja unusu, na mkichanganya mitindo miwili katika ujumbe mmoja mtapata wanakwaya waliofika wakati wa baraka ya mwisho. Jina la mtumaji lenye herufi halipokei majibu, kwa hiyo mtu akijibu "nitakuja" jibu lake haliendi popote. Ndiyo maana mwisho wa ujumbe uelekeze mtu apige simu, na nafasi ikiruhusu nambari yenyewe iandikwe.

Kabla ya kutuma kwa wote, tumeni kwa simu tatu, moja ya kila mtandao, mojawapo ikiwa ya vibonyezo. Baada ya kutuma, pakueni ripoti ya ufikishaji siku inayofuata. Nambari iliyoshindikana mara moja huenda ilikuwa imezimwa. Iliyoshindikana mara tatu mfululizo irudishwe kwa katibu wa jumuiya aifuatilie. Arafa zisizidi moja kwa wiki, Alhamisi jioni ikiwa wakati mzuri, ukiacha msiba na dharura. Parokia inayotuma kila siku hufundisha watu kufuta bila kusoma.

WhatsApp ina sifa zake na ina uchafu wake. Kundi moja la parokia nzima ni wazo baya hata kama programu inaruhusu watu 1,024. Kila aliyemo huona nambari za wengine wote, na tapeli anahitaji kuingia mara moja tu ili aondoke na orodha. Mazungumzo nayo hayana mwisho: salamu za asubuhi, maua, dawa ya kisukari, siasa, na tangazo la ubatizo limezama huko chini. Orodha ya utumaji, ile ya watu 256, ina kasoro isiyoonekana. Ujumbe huwafikia tu walioihifadhi nambari ya parokia kwenye simu zao. Mtumaji huona alama ya kutumwa na kutulia, na muumini ambaye hakuihifadhi nambari hapati kitu.

Mpango unaofaa ni wa ngazi mbili. Juu kuwe na chaneli ya parokia, iliyopatikana kwenye WhatsApp tangu 2023, ambayo ni ya upande mmoja na wafuasi hawaonani nambari. Huko huwekwa ratiba na picha ya tangazo moja kwa wiki. Chini yake kila jumuiya iwe na kundi lake dogo, la watu wanaojuana kwa sura, lenye wasimamizi wawili. Tangazo likitoka kwenye chaneli, katibu hulipeleka kwenye kundi lake. Msiweke jarida la parokia la megabaiti 8 humo na kutegemea lisomwe. Mwenye data ya shilingi 20 hataligusa. Ukurasa mmoja uliopigwa picha na kupunguzwa hadi kilobaiti 300 unatosha, au sauti ya dakika moja ya katekista kwa wasioweza kusoma maandishi madogo. Sauti ya dakika nne haisikilizwi na mtu, hata ikiwa ya askofu.

Utapeli wa kawaida huanzia kwa msimamizi. Hupigiwa na mtu anayejifanya wa kamati, akaombwa asome tarakimu sita alizotumiwa "kwa bahati mbaya". Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yake ya WhatsApp. Dakika chache baadaye kundi zima linaombwa shilingi 5,000 za kumlipia mgonjwa hospitalini, kwa jina na picha ya msimamizi mwenyewe. Dawa yake ni uthibitishaji wa hatua mbili: ingia katika mipangilio, chagua akaunti, weka PIN ya tarakimu sita. Kila msimamizi aiweke mbele ya mwenyekiti kabla ya kupewa usimamizi. Pia parokia itangaze mara moja, kanisani, kwamba padre haombi pesa kwa WhatsApp. Naye padre aishike ahadi hiyo.

Kwa sadaka na zaka, M-Pesa imeshazoeleka, lakini wengi huchukua nambari ya Till kwa kuwa hupatikana upesi. Till haina sehemu ya kuandika akaunti, hivyo zaka, ujenzi na nia za Misa vyote huingia katika chungu kimoja, na mweka hazina hubaki kubahatisha. Chukueni Paybill, yenye sehemu hiyo. Mnapojaza fomu, mtaulizwa ada ibebwe na nani: mlipaji, parokia, au wagawane. Swali hilo lijadiliwe katika kamati ya fedha kabla fomu haijatiwa saini, kwa sababu muumini anayetoa shilingi 50 akikatwa ada juu yake atarudi kwenye kikapu.

Sehemu ya akaunti ina ugonjwa wake. Kama parokia haijaunganisha mfumo wa kuhakiki, Paybill hupokea neno lolote, na watu huandika kila kitu: SADAKA, sadaka, ofaring, majina ya marehemu, hata "Mungu ni mwema". Wekeni maneno manne tu, ZAKA, SADAKA, UJENZI na MISA, yakifuatwa na nambari ya jumuiya bila nafasi, mfano ZAKA12. Jumuiya zipewe nambari kwa sababu majina ya watakatifu huandikwa kwa namna tano tofauti. Anzieni 11 badala ya 1, ili kila jumuiya iwe na tarakimu mbili, na mruke 20 na 30 kwa kuwa sifuri huandikwa kama herufi O. Kila Jumatatu mweka hazina apakue taarifa ya wiki na kuipanga kwa akaunti. Zisizotambulika ziwekwe katika safu yake zenyewe na zifuatiliwe kwa msimbo wa muamala wa herufi na tarakimu 10. Kuzigawa kwa kukisia ndiko kunakozaa manung'uniko ya mwisho wa mwaka. Katika mfumo wa kutoa fedha, anayeanzisha malipo asiwe yule anayeyaidhinisha. Na nambari ya mtu binafsi, hata ya mweka hazina mwaminifu kuliko wote, isitumiwe kuchangisha hata kwa siku moja, kwani akiugua au akifa fedha za kanisa zimo katika mirathi.

Bango lenye nambari likaguliwe kila wiki. Kibandiko kipya juu ya cha zamani si lazima kiwe chenu. Wafundisheni watu kusoma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo. Na tafadhali, ile tabia ya kubandika kwenye kundi la WhatsApp orodha ya nani ametoa ngapi na nani hajatoa ikome. Inavunja sheria niliyoitaja, na inamfukuza kanisani mtu aliyefutwa kazi mwezi uliopita.

Sasa kamera, kwa wale ambao hawatanisikiliza. Anayetazama Misa kwenye simu atavumilia picha yenye ukungu, lakini hatavumilia sauti mbovu. Simu iliyowekwa nyuma ya kanisa hunasa mwangwi wa kuta na kikohozi cha jirani, na mahubiri husikika kama yanatoka ndani ya pipa. Sauti ichukuliwe kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), kupitia tundu la Aux, ili mchanganyiko wa mtandaoni uwe na vidhibiti vyake tofauti na vya spika za kanisani. Mkitumia tundu kuu, kila fundi anapopunguza sauti ya kinanda ukumbini, anaipunguza na kwa mtazamaji aliye kule Qatar. Waya huo usichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la simu. Sauti inayotoka mikisani ni nzito mara nyingi kuliko inayotarajiwa na tundu hilo, na matokeo yake ni mkwaruzo usiotibika baadaye. Pitisheni kwenye kadi ndogo ya sauti ya USB yenye kidhibiti chake. Ukisikika mvumo wa chini usiokoma, kwa kawaida ni kwa sababu mikisa na kompyuta vimechomekwa kwenye soketi za njia mbili tofauti za umeme. Vichomekeni kwenye waya mmoja wa soketi kwanza. Mvumo ukibaki, tumieni kisanduku cha DI, kinachowekwa kati ya mikisa na kadi ya sauti, chenye swichi ya kukata ardhi. Msing'oe waya wa ardhi wa plagi, unaua.

Mikisa hubeba maikrofoni tu, basi watazamaji humsikia padre akisema "Bwana awe nanyi" na kujibiwa na kimya. Maikrofoni moja ikitazama waumini, iliyofunguliwa kidogo tu, inarekebisha hilo. Fanyeni jaribio wakati wa mazoezi ya kwaya, mmoja wenu akiwa nje ya jengo na visikilizi masikioni.

Intaneti ipimwe Jumapili saa 4 asubuhi. Ikipimwa Jumanne mchana itawadanganya, maana Jumapili simu 1,500 zimo uani na zote zinang'ang'ania mnara mmoja. Kinachohesabiwa ni kasi ya kupandisha, si ya kushusha inayotajwa kwenye matangazo. Kwa picha ya ubora wa 720p wekeni megabiti 2.5 kwa sekunde, na kipimo chenu kisipungue 5, ili nusu iwe akiba. Misa ya dakika 90 kwa kasi hiyo hula takribani gigabaiti 1.7. Kompyuta iunganishwe kwa waya hadi kwenye ruta, na nywila ya Wi-Fi ya matangazo asipewe mtu mwingine, hata wanakwaya. Ruta, mikisa na kompyuta ziwe kwenye UPS (betri ya akiba). Umeme ukipotea taa zitazimika lakini Misa itaendelea kusikika.

YouTube huchukua hadi saa 24 kuruhusu matangazo ya kwanza baada ya akaunti kuthibitishwa, na kwa simu hutaka wafuatiliaji 50. Anayefungua chaneli Jumamosi jioni amechelewa. Facebook, tangu Februari 2025, huifuta video ya moja kwa moja baada ya siku 30, hivyo anayetaka kumbukumbu apakue mapema. Muziki wa rekodi unaopigwa kanisani kabla ya Misa hutambuliwa na mitambo na video hunyamazishwa. Katizeni sauti ya matangazo hadi wimbo wa kuingia. Kamera isielekezwe kwenye mstari wa wanaokwenda kitubio, wala kwenye nyuso za watoto bila idhini ya wazazi. Komunyo nayo haipiti kwenye kioo cha simu. Kanisa limeshasema hakuna sakramenti kwa intaneti, na mgonjwa anayetazama kitandani anahitaji jina lake liandikwe ofisini ili apelekewe.

Matumizi ninayoyaona ya maana zaidi ya matangazo hayo ni Misa ya wafu. Ndugu walioko Marekani au Ghuba hawawezi kufika kwa siku tatu. Wapewe kiungo ambacho hakionekani kwa kila mtu, kitumwe na familia yenyewe, na video iondolewe wakitaka.

Kuhusu vitabu vya ubatizo na ndoa, kuvipiga picha ni vizuri, na mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipaswa kumshtua kila mwenye ofisi karibu na mto. Ila kompyuta iwe faharisi tu: jina, tarehe, kitabu, ukurasa, nambari. Kwa mujibu wa sheria ya Kanisa, kipaimara na ndoa huandikwa baadaye pembeni mwa jina katika kitabu cha ubatizo, na picha ya mwaka jana haijui ndoa ya mwaka huu. Cheti kitolewe baada ya kufungua kitabu chenyewe. Nakala za picha ziwe tatu, mojawapo nje ya uwanja wa parokia, na diski zifungwe kwa nywila.

Mwisho, umiliki. Kurasa nyingi za parokia zilifunguliwa na kijana mwenye bidii kwa barua pepe yake, naye sasa yuko kazini Eldoret au Doha na ukurasa umemfuata. Nunueni laini kwa jina la parokia, si la mtu. Fungueni barua pepe kwa laini hiyo, kisha YouTube, Facebook, WhatsApp na akaunti ya arafa vyote vitokane nayo. Wasimamizi wawe wawili au zaidi. Nywila ziandikwe kwenye karatasi, zitiwe bahasha yenye lakiri na zifungiwe kwenye sefu ya ofisi, na baraza jipya likichaguliwa zibadilishwe siku ya makabidhiano, jina la kila akaunti likitajwa katika kumbukumbu za kikao. Simu yenye laini hiyo ibaki ofisini, iwekwe krediti na itumike kupiga angalau mara moja kwa mwezi, kwa kuwa laini ikifungwa, misimbo ya kufungulia akaunti zote itamwendea atakayeuziwa nambari hiyo.

Mwanakamati wa mawasiliano parokiani,
Nairobi